Kata na Diwani

Sisi watu wa visiwani tukilisikia neno kata, mawazo yetu hufika jikoni kabla ya kufika serikalini. Kata ni kifuu cha nazi kilichokwanguliwa kikawa laini, kikatiwa mpini na kuwekwa juu ya mtungi, ili kila mwenye kiu achote kwa kadiri yake. Kata pia ni ule mviringo wa kitambaa au majani makavu ya mgomba ambao mwanamke huuweka kichwani chini ya ndoo; wengine huuita ngata. Kata ya tatu ni ile ya Bara: eneo lenye mitaa au vijiji kadhaa, lenye ofisi yake, mtendaji wake na diwani wake, eneo ambalo sisi Zanzibar huliita wadi. Mshairi hahitaji maneno yawe ya shina moja ndipo ayafikiri pamoja. Sauti moja humtosha. Nami tangu niliporudi kutoka Mkoa wa Mara, mwaka 2023, siwezi tena kulitamka neno hili la utawala bila ya kuuona ule mpini na kile kifuu.

Neno la pili ni diwani. Wasomaji wa jarida hili hawana haja ya kuambiwa kwamba diwani ni mkusanyo wa mashairi ya mtunzi mmoja. Lakini kabla ya kuwa kitabu cha mashairi, diwani lilikuwa daftari. Neno lilitoka Uajemi likaingia katika Kiarabu, na historia ya Uislamu yatusimulia kwamba Sayyidna Umar bin Khattab ndiye aliyeianzisha diwani ya dola, yaani orodha ya majina ya watu na haki ya kila mmoja wao katika mali ya umma. Toka hapo neno likazaa watoto wengi: ofisi ya hesabu, baraza la mfalme, kitabu cha mashairi, hata neno la Kifaransa la forodha, douane, huhesabiwa katika ukoo huo. Katika miji ya Mrima, karne ya 19, diwani alikuwa ni mtawala wa mji. Leo, Bara na Visiwani, ni mtu tunayempigia kura ili atusemee katika halmashauri au baraza la mji. Ukiyarudisha maneno haya nyumbani kwao, utaona kwamba tunapomchagua diwani twachagua daftari: mahali ambapo haki ya kila mmoja wetu itaandikwa na kusomeka. Na tunapoigawa nchi katika kata, twagawa vyombo vya kuchotea.

Nilikwenda Mara kwa sababu ya tafsiri, wala si kwa sababu ya siasa. Mimi sikupita chuo chochote. Kiingereza nilijifundisha kwa kuweka vitabu viwili mezani, usiku, baada ya kazi ya ukarani wa ghala: upande huu Juliasi Kaizari ya Mwalimu Julius Nyerere, upande ule Shakespeare mwenyewe, na kamusi katikati. Mwalimu aliichapisha tafsiri hiyo mara ya kwanza mwaka 1963, naye ni Rais wa nchi. Akairekebisha mwaka 1969, mwaka ule ule alioitoa Mabepari wa Venisi. Mtu aliyekuwa mwalimu wangu wa usiku kwa miaka mingi alizaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999. Niliona ni deni kwenda kuiona ardhi yake.

Basi la kutoka Mwanza hupita Bunda kabla ya kufika Musoma. Upande wa kulia hupita lango la mbuga ya Serengeti, na upande wa kushoto ziwa hujitokeza na kujificha, likang'aa baina ya mawe makubwa ya nchi ile. Mtu wa kisiwani huliangalia ziwa lile kwa namna ya pekee. Sisi tumezungukwa na maji yasiyonyweka, tumezoea. Wenzetu wamepakana na maji matamu yenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Nilidhani kwamba katika nchi kama hiyo neno kiu halina kazi.

Mama aliyenikaribisha Musoma alinisikiliza nikilisifu ziwa, kisha akasema kwa upole, “Baba, ziwa ni ziwa. Maji ni yale yaliyomo ndani ya dumu.” Akanieleza jinsi walivyoishi miaka ya nyuma: wauza maji wakipita na baiskeli zilizofungwa madumu ya lita 20, watoto wakitumwa ufukweni kabla ya shule, na bomba la uani likikoroma pasi na kutoa tone. Siku hizi, alisema, hali ya mjini ni nzuri kuliko ile, kwani umejengwa mtambo mpya wa maji Bukanga. Lakini lile dumu la njano bado liko nyuma ya mlango wake, limejaa. “Nalibadilisha maji kila wiki,” akasema. “Mimi sijakiamini bado.” Kitu asichokiamini hakukitaja jina, nami sikumuuliza.

Musoma ina kata 16, na majina yake ni matamu mdomoni: Mwigobero penye mwalo, Makoko, Nyasho, Kitaji, Mwisenge. Katika shule ya Mwisenge ndimo mtoto wa Mtemi Burito wa Butiama alimoanzishwa kusoma mwaka 1934. Bunda, iliyo kando kidogo ya ziwa, iliungoja mradi wa maji ya kutoka Nyabehu kwa zaidi ya miaka kumi. Watu wakazaa, watoto wakaanza shule, na bomba bado lingali habari. Butiama yenyewe iko juu vilimani. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la mradi wa kuyapandisha maji ya ziwa kutoka Mugango hadi Kiabakari na Butiama. Ilikuwa miaka 22 na zaidi tangu Mwalimu alipolazwa kaburini, na zaidi ya miaka 60 tangu uhuru.

Huko Butiama nilijuulishwa kwa mzee mmoja aliyekuwa diwani wa kata mojawapo ya wilaya ile kwa vipindi viwili, kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Aliposikia kwamba mgeni wake ni mshairi alicheka, akaingia ndani, akatoka na kaunta buku tatu zenye jalada gumu. “Ndugu yangu mshairi,” akasema, “nawe una diwani yako, nami nina yangu. Soma.”

Nilisoma alasiri nzima chini ya mwembe wake. Zilikuwa kumbukumbu za kata, zimeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, mwandiko wa mtu aliyewahi kufundisha shule ya msingi. Kisima cha kitongoji fulani, mnyororo umekatika, akina mama wamerudi mtoni. Karavati la njia ya zahanati limesombwa na mvua za Aprili. Choo cha shule, matundu manne kwa watoto mia tatu na kumi. Jina la mzee aliyetoa kipande cha shamba ili njia ipite, na chini yake, kwa mstari wa pili: asisahauliwe. Nimesoma diwani nyingi za washairi ambazo hazina mstari wenye uzito kama ule.

Kazi ya kutafsiri imenizoesha kuviangalia vitenzi kabla ya majina. Katika buku la kwanza, la mwaka 2010 hadi 2014, kila ukurasa ulimalizika kwa neno moja: Tumeamua. Tumeamua fedha za robo hii ziende kwenye karavati. Tumeamua kisima cha juu kisubiri. Pengine waliamua vibaya, na ugomvi wake umeandikwa humo bila ya kufichwa. Katika buku la pili kitenzi kikaanza kugeuka: Tumeomba. Na katika buku la tatu, kuanzia mwaka 2018 na kuendelea, takriban kila ukurasa ulisema: Tumeelezwa. Tumeelezwa kwamba barabara itafanyiwa tathmini. Tumeelezwa kwamba maji si jukumu la halmashauri tena. Kutoka kuamua hadi kuelezwa ni safari ya miaka kumi, na mzee yule hakuwa ametunga lolote. Aliandika tu yaliyopita.

Sababu zake si siri. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulikabidhiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme kwa LUKU. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zilitolewa katika halmashauri zikapewa wakala wa serikali, TARURA. Mwaka 2019 maji ya vijijini nayo yakapewa wakala wake, RUWASA. Kila hatua ilikuwa na hoja yake, tena hoja nzito: halmashauri nyingi hazikuwa na wahandisi wa kutosha, fedha zilipotea njiani, na barabara ya wilaya moja haikuungana na ya wilaya jirani. Asiyekuwa na chuki atakubali kwamba wakala hizi zimejenga, na kwamba pana vijiji vinavyokunywa leo maji ambayo vingeyangoja miaka mingine 20. Lakini tazama kilichobaki mkononi mwa mpiga kura. Karavati likisombwa, humwendea diwani, kwa kuwa ndiye aliyemchagua na ndiye jirani yake. Diwani naye humwendea mtu ambaye hakuchaguliwa na yeyote katika kata ile, mwenye mkuu wake mkoani, naye ana mkuu wake Dodoma. Kata imebaki mpini. Kifuu kimehamia kwingine.

Usiku ule niliandika ubeti mmoja pembeni mwa daftari langu:

Ziwa langu naliota, usiku likinicheka,
Bomba langu likiteta, ni hewa yatiririka,
Kura yangu nimeleta, foleni nikaishika,
Nani aliye na kata, maji yapate choteka?

La kufikirisha zaidi ni kwamba jambo hili si geni, na aliyelitenda mara ya kwanza ndiye mwana wa Butiama. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali yake ilianza kuzifuta serikali za mitaa. Nia ilikuwa njema: kuwapeleka watumishi na fedha karibu na wananchi. Waliofika walikuwa watumishi. Madaraka hayakushuka mkoani hata yakamfikia mwenye ndoo. Miji ikachakaa, na halmashauri zake zikarejeshwa mwaka 1978. Za wilaya zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi 1984. Mwaka huo huo wa 1984, akizungumza na jarida moja la nje, Mwalimu alisema waziwazi kwamba lau angeanza upya, mambo mawili asingeyarudia: kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika. Sijui mashairi mengi yaliyo na ujasiri wa maneno hayo. Katiba nayo, katika ibara ya 146, ikaandika kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Safari hii hapana halmashauri iliyofutwa. Jengo lipo, bendera ipo, vikao vyafanyika na posho zalipwa. Vilivyoondoka ni vile vya kuamuliwa.

Hapa ndipo Shakespeare aliponirudia, na nadhani alinirudia kwa sababu nilikuwa nimesimama katika kijiji cha mfasiri wake. Watu wengi wanaikumbuka hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari kwa ufundi wa kejeli yake. Wachache hukumbuka kilichowageuza watu mwishoni: ni wasia. Kaizari, Antonio anawaambia, amemwachia kila raia drakma 75, na zaidi ya hayo amewaachia bustani zake zote za ng'ambo hii ya mto Tiber, wapate mahali pa kutembea na kupumzika. Yaani huduma za jamii! Bustani ya mji, jambo ambalo leo lingejadiliwa na kamati ya kata, lilishushwa kwa raia wa Roma kama hiba ya mtu mmoja, tena maiti. Nao hawakuuliza nani atazitunza bustani zile wala zimepatikanaje. Walipiga kelele za shukrani, wakaondoka na mienge. Na mtu wa kwanza kuuawa mbele ya macho yetu ni mshairi, Cinna, ambaye kosa lake lilikuwa jina alilofanana na mtu mwingine. Walipoambiwa kuwa siye, wakasema auawe kwa ubaya wa mashairi yake. Kila mtunzi asome tukio lile walau mara moja kwa mwaka.

Hiba na haki hufanana usoni, na zote mbili zinaweza kuleta maji yale yale. Sisi wa Unguja twalijua hilo tangu zamani. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchemi za upande wa Bububu, na mji ukamshukuru, na ilistahiki kumshukuru. Lakini mwenye kupewa hiba haulizi hesabu. Hiba ikikatika, hana pa kudai. Hubaki kumwomba mpaji au kumngoja mwingine. Ndiyo maana napata wasiwasi nionapo mabango ya asante yaliyotundikwa kando ya kila bomba jipya. Bomba lililojengwa kwa kodi ya muuza dagaa wa Mwigobero na mkulima wa mihogo wa Butiama lahitaji mtu wa kulisimamia na kitabu cha mapato na matumizi. Shukrani si kitabu cha hesabu.

Lugha yetu imewahi kutumiwa kuifunika tofauti hiyo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kile kilichoitwa takrima, neno zuri la heshima na ukarimu, ili mgombea aweze kuwakirimu wapiga kura wake. Kilo ya sukari ikabadilishwa jina, haikubadilika uzito. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitangua vifungu hivyo. Nalitaja hilo kwa furaha ya mtu wa maneno: siku ile mahakama ilifanya kazi ya mfasiri, ikalirudisha neno kwenye maana yake.

Yapo yaliyonifanya nisite kuandika makala haya. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa wa mwaka 2019, na ule wa tarehe 27 Novemba 2024, ulimalizika kwa chama tawala kutangazwa kushinda asilimia 99 au zaidi ya vijiji vyote, huku wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao wengi waliondolewa kabla ya kura. Ule wa madiwani, wabunge na Rais, wa tarehe 29 Oktoba 2025, ulifanyika bila ya CHADEMA, chama kikuu cha upinzani. Na siku ile na zilizofuata zilikuwa siku za maandamano, za risasi, za watu kuuawa na intaneti kuzimwa. Mkoa wa Mara si mkoa usiojua kubadilisha. Mwaka 2010 Musoma Mjini ilimchagua mbunge wa upinzani. Mwaka 2015 Bunda Mjini ikamwangusha waziri mkongwe. Na miaka mitano mitano baadaye waligeuka tena. Walikuwa wakitumia kura kama ilivyokusudiwa, kumwambia mtu: tumekusoma, funga daftari. Katika nchi ambamo hesabu ndogo haifungwi kwenye kata, hesabu kubwa hufunguliwa barabarani, nayo bei yake hulipwa na watoto wa watu.

Nasi wa visiwani tusijione tumesalimika. Kule mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa sheria, hupigiwa kura na jirani zake. Huku kwetu sheha, ambaye ndiye aliye karibu zaidi na mlango wako, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Siku ya uchaguzi sisi hupewa karatasi tano na wenzetu tatu, na katika zote hizo ile ya diwani ndiyo tunayoikunja kwa haraka, mawazo yakiwa kwa wakubwa. Na hali ile karatasi ndogo ndiyo yenye jina la mtu tunayeweza kumgongea mlango usiku bomba likipasuka.

Nilimuuliza mzee wa Butiama kwa nini hakugombea tena mwaka 2020. Alijibu kwamba alichoka kuwa tarishi. “Nilichaguliwa niwe mtu wa kuamua pamoja na wenzangu,” alisema, “nikawa mtu wa kupeleka barua na kurudisha majibu. Kwa kazi hiyo simu inatosha.” Nikamuuliza iwapo alijuta. Akasema hapana, kwani karavati la zahanati lilijengwa mara mbili katika wakati wake, na mara ya pili halikusombwa.

Buku lake la tatu lina kurasa nyingi tupu. Hakuziandika mashairi wala hesabu za nyumbani, ingawa karatasi ni ghali na wajukuu wanasoma. Amezihifadhi, aliniambia, kwa ajili ya diwani yeyote wa kata ile atakayekuja kuziomba, bila ya kujali chama chake. Ameshawaeleza wanawe mahali buku lilipo. Mpaka nilipoondoka hapana aliyekuwa amekuja, na wino wa kitenzi cha mwisho ulikuwa umeanza kupauka: Tumeelezwa.